Mjomba Hakutaka Kupakiwa

Simu ya kwanza kutoka Newala iliingia alfajiri, saa kumi na mbili kasorobo, maiti hata haijaoshwa. Nilikuwa nimekaa uani juu ya ndoo iliyofudikizwa, pembeni ya kisima, majirani wakianza kuingia mmoja mmoja na kuvua viatu bila kelele. Aliyepiga alikuwa mzee wa ukoo, babu kwangu kwa upande wa mama. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali moja tu: "Mnamleta lini?"

Sisi ni Wamakonde, na kwetu mtoto ni wa upande wa mama. Mjomba ndiye mwenye neno. Huyu ndiye aliyenipokea Mbagala mwaka 1987 nikiwa na begi moja na barua ya mama, akanisomesha, na siku ya posa yangu akakaa mbele kama baba. Sasa amelala ndani kafunikwa shuka, na mimi ndiye niliyepaswa kumwambia babu kwamba haletwi. Mwenyewe alikwisha kusema, zaidi ya mara moja, mbele ya mkewe na mbele yangu: "Nikifa msinipakie kwenye gari. Nimepakiwa kwenye malori vya kutosha."

Malori aliyokuwa akiyasema ni ya mwaka 1978.

Mwaka huo alikuwa na miaka 26, mkulima wa korosho na mihogo, na mgambo wa kijiji. Newala iko juu na maji yako chini. Anayejua kwetu anajua maana yake. Zama hizo akina mama waliteremka mabondeni alfajiri na kupanda tena na mtungi kichwani jua likiwa limeshawaka, na Mjomba alikua akimfuata bibi yangu kwenye njia hiyo na kibuyu chake kidogo. Vita hakuvisikia kwa mara ya kwanza ukubwani. Ng'ambo ya Ruvuma Wareno walipigana na FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, tangu 1964, yeye akiwa na miaka kumi na miwili. Lakini yeye mwenyewe hakuwahi kushika bunduki ya kweli. Mgambo kijijini walifanya kwata na bunduki za mti.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba ardhi yote ile hadi mto Kagera ni ya Uganda. Daraja la Kyaka likavunjwa. Ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu kupelekwa ng'ambo, watu wakauawa, wengine wakakimbilia Bukoba na kwingineko na watoto mgongoni. Tarehe 2 Mwalimu Nyerere akazungumza. Tanzania nzima inajua maneno yale: sababu tunayo, uwezo tunao, nia tunayo. Mjomba aliyasikia kwenye redio ya duka la ushirika, wamesimama watu kama hamsini, na alichokikumbuka zaidi ni jinsi mwenye duka alivyosahau kumrudishia mtu chenji, na yule mtu akasahau kuidai.

Jeshi letu kabla ya hapo lilikuwa na watu wapatao 40,000. Katika muda mfupi likafika zaidi ya 150,000: askari polisi, magereza, vijana wa JKT, na mgambo takriban 40,000. Tukizungumza vita ya Kagera huwa tunawataja majenerali, na wanastahili; Musuguri, Mayunga, Walden, majina hayo hata mtoto aliyezaliwa juzi ameyasikia. Wale mgambo 40,000 hatuna namna ya kuwataja. Ni wajomba wa watu. Walirudi, wakalima, wakafa.

Mjomba alipakiwa kwenye lori kutoka Newala, akapewa wiki chache za mafunzo, akapandishwa treni ya reli ya kati hadi Mwanza, akavushwa ziwa hadi Bukoba, kisha lori tena. Mvua ilinyesha karibu kila siku. Kazi yake ilikuwa kubeba makombora ya mota. Watu wengi hawajui kwamba jeshi lile lilikwenda Uganda kwa miguu, mamia ya kilomita, huku mtu amejitwisha chakula, risasi, na mzigo wa silaha ya mwenzake. Alikuwa na kovu jeusi begani kama sarafu, pale mkanda ulipokuwa ukikaa.

Hayo niliyajua kwa vipande. Kwa miaka zaidi ya ishirini niliyoishi naye au karibu naye, hakuwahi kukaa akatusimulia vita. Ukimwuliza anakwambia, "Tulitembea sana," halafu anaomba chai. Tukamzoea hivyo. Nilidhani ni mtu asiyependa maneno, na kwa mambo mengine alikuwa hivyo kweli.

Jinsi alivyokuwa mtu wa Mbagala ni habari ya mvua. Alirudi Dar es Salaam mwaka 1980, wakati wa masika, na wakati ule daraja la Rufiji lilikuwa bado. Tulivuka kwa pantoni, na masika yakikolea barabara ya kusini inakatika, Lindi na Mtwara tunabaki kama kisiwa. Nauli ya meli hakuwa nayo. Akaenda kujishikiza kwa mtu wa kwetu Mbagala, asubiri mvua ipite.

Mbagala ya 1980 ilikuwa shamba. Minazi, mikorosho, mihogo, nyumba za Wazaramo na Wandengereko zimeachana mbalimbali, na usiku giza tupu. Kwenda mjini ulipanda basi la UDA likipatikana, na miaka michache baadaye Chai Maharage, yale magari ya kukaa mnatazamana kwenye mabenchi. Mwenyeji wake akampa kipande apande mihogo ili asikae bure. Mihogo ikatoka. Mvua ikapita, barabara ikafunguka, mihogo ikawa bado haijakomaa, akasema ngoja nivune. Alipovuna akapanda tena. Ndivyo alivyohamia; hakuna siku aliyoamua.

Ile ilikuwa miaka migumu. Mwalimu alikuwa ametuomba tufunge mkanda miezi 18 baada ya vita, na mkanda ukakaa kiunoni kwa muda mrefu zaidi ya hapo. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano. Mwaka 1983 ikaja Nguvu Kazi, wasio na kazi maalumu wakakamatwa mjini na kurudishwa mashambani. Mjomba alisimamishwa barabarani na mgambo, kijana mdogo, akatakiwa aonyeshe kitambulisho cha kazi. Alikuwa amebeba chepe na kamba. Akamwonyesha viganja vyake. Yule kijana akavitazama akamwachia. Hiyo alipenda kuisimulia, na kila akiisimulia alikunjua viganja mbele yetu, tuvione.

Chepe na kamba vilikuwa vya visima. Huko vitani walichimba mahandaki kila walipolala, hata kama ni kwa usiku mmoja, na aligundua kwamba mkono wake unaijua ardhi: wapi itasimama, wapi itaporomoka, wapi kuna unyevu. Mtu aliyekulia Newala, aliyeona mama yake akiteremka bondeni kila siku, amefika mahali ambapo unachimba futi ishirini, thelathini, maji haya hapa. Nadhani hicho ndicho kilichomfunga Mbagala kuliko mihogo. Nakumbuka nilipofika, jioni ya kwanza kabisa, hakunionyesha nyumba. Alinishika mkono akanipeleka uani, akavuta ndoo, akanimwagia maji miguuni, mengi, mpaka tope likajaa. Akasema, "Mwandikie mama yako."

Alikuwa na taratibu zake. Kisima kipya alichimba Septemba au Oktoba, maji yakiwa yameshuka kabisa, kwa sababu ukichimba wakati wa mvua unajidanganya, kiangazi kitakuumbua. Mdomo anaupanua, halafu anabana kadiri anavyoshuka, ule mchanga wa juu usimfunike. Akifika kwenye mfinyanzi anapunguza mwendo. Asubuhi kabla mtu hajashuka, koroboi inateremshwa kwanza kwa kamba. Ikizimika hakuna kushuka siku hiyo, hata mwenye nyumba akilia. Baadaye zikaja pete za zege, kazi ikawa salama zaidi. Na hatua thelathini kutoka shimo la choo, si pungufu. Juu ya hilo aligombana na wenye nyumba wengi, maana viwanja vilikuwa vinakatwa vidogo, na vidogo vikakatwa tena.

Mji ulikuwa unamfuata. Rangi Tatu ikawa soko, Charambe ikajaa, Kizuiani ikajaa, watu wa kusini tukazidi kushuka kwa sababu Barabara ya Kilwa ndiyo njia yetu na Mbagala ndiyo mlango. Kufikia miaka ya 2000 ile nyumba yake iliyokuwa peke yake katikati ya mihogo ilikuwa imebanwa pande zote nne. Vijana aliowafundisha kuchimba wakawa mafundi wenyewe.

Halafu ikaja tarehe 29 Aprili 2009.

Ilikuwa Jumatano, saa sita kasorobo mchana hivi. Ghala la silaha la kambi ya jeshi pale Mbagala lililipuka. Mimi nilikuwa kazini Kariakoo, na kishindo kilitufikia huko. Yaliyotokea nyumbani nilisimuliwa na majirani, yeye hakusema. Mlipuko wa kwanza ulipopiga, watu wakatoka nje kutazama. Wa pili na wa tatu, watu wakaanza kukimbia bila kujua wanakokwenda, wenye watoto na wasio na watoto, madirisha yanapasuka, vyuma vinaanguka kutoka angani. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, wengine wakiwa watoto waliozama mtoni wakikimbia. Nyumba kwa maelfu zilipasuka au kubomoka.

Mjomba alikuwa na shimo la choo kipya uani, kina cha mtu na nusu, bado halijafunikwa. Alisimama getini akawa anawakamata watoto waliokuwa wakipita mbio, wa kwake na wasio wa kwake, anawatupia mikononi mwa kijana aliyekuwa shimoni. Watoto tisa. Kisha akashuka mwenyewe juu yao. Mmoja wao leo ni mwalimu, aliniambia anachokikumbuka ni sauti ya babu ikirudia neno moja: "Midomo wazi! Midomo wazi!" Vitani walifundishwa hivyo, kishindo kisipasue masikio.

Nilifika jioni kwa miguu, magari hayakuwa yanapita. Ukuta mmoja wa nyumba ulikuwa na ufa wa kuingiza kiganja. Mjomba amekaa chini ya mwembe, amerudia nguo zilezile zenye udongo. Usiku hakutaka kuingia ndani. Nikakaa naye. Ilipofika kama saa nane usiku akaanza kusema, bila mimi kumwuliza.

"Lukaya tulikimbia," akasema.

Lukaya ni mji mdogo kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala, na karibu yake barabara inakatiza kinamasi kikubwa. Tarehe 10 Machi 1979 brigedi ya 201, iliyokuwa na wengi ambao hawajawahi kupigana, ilikutana pale na majeshi ya Amin pamoja na Walibya waliokuja kumsaidia. Walibya walikuwa na mitambo ya Katyusha, roketi zinazotoka kwa mfululizo zikilia. Roketi nyingi zilipita juu ya vichwa. Haikusaidia, askari wetu walivunja safu wakatawanyika. Hilo liko kwenye historia, si siri. Brigedi ikakusanywa upya usiku, brigedi ya 208 ikazungushwa kuja kwa upande mwingine, na kesho yake, tarehe 11, Walibya na askari wa Amin wakapigwa vibaya sana. Baada ya Lukaya njia ya Kampala ilikuwa wazi. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 11 Aprili, Kampala ikaanguka.

Mjomba alikuwa Lukaya. Aliniambia alitupa mzigo wa makombora akaingia kwenye matete, maji kifuani, na kwamba rafiki yake, mtu wa Masasi waliyekuwa wakilala handaki moja tangu Mutukula, pale mpakani, alimwita mara mbili na yeye hakugeuka. Hakumwona tena. Hakujua kama alikufa pale, au alipotea, au alipelekwa kombania nyingine akafika kwao salama. Alikaa kwenye matete mpaka giza. Halafu akasikia watu wanaitana kwa Kiswahili barabarani, majina ya vikosi, na akatoka.

"Nikarudi," akasema. "Wengi tulirudi. Mzigo wangu niliukuta palepale nilipoutupa. Nikaubeba."

Miaka thelathini alikuwa na habari hiyo peke yake. Sikujua nimwambie nini. Nilimwambia, "Mjomba, leo hukukimbia," na mara tu nilipolisema neno hilo nikaliona ni dogo. Akanitazama. Akasema leo palikuwa na watoto, na akaomba chai.

Nimelifikiria sana jambo hili tangu hapo, na nina maoni yangu. Tumewafanyia vibaya wale watu kwa kuwapa neno moja tu, mashujaa, na kuwaachia humo. Shujaa hana pa kusemea Lukaya. Mtu aliyekimbia Jumamosi na kuamka Jumapili akabeba mzigo wake akaendelea kutembea hadi Kampala, huyo ndiye aliyeshinda vita ile, na ndiye ambaye hatukumwuliza. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, kila mwaka tunaweka silaha za jadi na maua kwenye mnara. Sina neno na maua. Ningependa pia tungekwenda kukaa nao chini ya miembe yao, wakiwa bado wapo.

Mara ya pili vita ilipomrudia mbele yangu tulikuwa mjini. Nilimpeleka Posta kwa shughuli zake, akataka kusimama kwenye sanamu ya Askari, ile iliyowekwa 1927 kwa ajili ya Vita Kuu ya Kwanza. Sikujua kama anaisoma. Maandishi yale yako kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, na yanawataja pia wapagazi, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Vita ile ilipita Newala mwaka 1917, na babu yake alichukuliwa upagazi, akarudi. Mjomba alikaa pale muda mrefu magari yakituzunguka. Akagusa bega lake, lile lenye kovu. Kisha tukaenda.

Usiku wa tarehe 16 Februari 2011 ghala la Gongo la Mboto nalo lilipolipuka, mbingu ikawaka nyekundu upande wa magharibi. Alikaa mlangoni hadi asubuhi, safari hii mkewe yuko naye.

Kuna jambo jingine alilolifanya ambalo kwangu ni kubwa, ingawa halikuhusu risasi. Mwaka 2015 kipindupindu kilipoingia Dar es Salaam, alipita nyumba kwa nyumba kwenye visima alivyochimba mwenyewe, anawaambia watu wasinywe. Vyoo vilikuwa vimesogea mno. Vingine aliomba vifunikwe kabisa, na wenyewe wakamkasirikia, kwa sababu walikuwa wanauza maji. Alikuwa na miaka 63, anatembea kwa fimbo. Kisima cha uani kwake alikifunika kwanza, ili asionekane anawasemea wengine tu. Akaruhusu maji yake yafulie na kumwagilia mwembe.

Figo ndizo zilizomchukua, mwaka 2022, baada ya kuugua miezi mitano. Hospitali zilikuwa mbili, na kuhusu hizo sitasema mengi. Karatasi zake za jeshi zilikuwa zimeliwa na mchwa tangu miaka ya tisini, na kila dirisha tulilosimama tuliulizwa karatasi. Mwishoni alitaka arudishwe nyumbani, tukamrudisha. Alikufa usiku akiwa amelala upande wa kulia.

Basi nikamwambia babu wa Newala. "Babu, alisema azikwe hapa." Kimya. Nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Huko ana nani?" Kwa kweli lilikuwa swali la haki. Ukoo ulikuwa kule. Nikatazama uani: vijana waliokuwa wakimwita fundi wanafunga turubai, mama wa Kizaramo aliyempa Mjomba mihogo ya mbegu mwaka 1980 ameshikwa mikono miwili anaingizwa ndani, yule mwalimu wa shimoni amefika na wenzake. Nikaanza kumtajia mmoja mmoja. Babu akasikiliza wote. Akasema tutazungumza, akakata.

Tulimzika baada ya alasiri. Bendera haikuwepo, wala bunduki za heshima. Wazee wawili walikuja kutoka Kongowe, mmoja na kofia ya kijani iliyopauka, wakasimama pembeni wameshikana mikono kama watoto wa shule. Kaburi lilichimbwa na vijana wake. Mchanga wa Mbagala unaporomoka, kila mwaka tunahangaika nao makaburini, lakini hili lilisimama: walipanua mdomo, wakabana chini, kuta zikakaa kama zimepigwa lipu. Walipomaliza kuchonga mwanandani, mkubwa wao alibaki chini kidogo peke yake. Akachota udongo, akausugua kidoleni, akaunusa, kama alivyofundishwa. "Futi kumi na mbili nyingine," akasema, si kwa mtu yeyote. Kisha akatoa mkono, tukamvuta.

Babu alipiga tena baada ya isha. Hakuuliza kama tumezika. Aliuliza tumemweka wapi. Nikamweleza: mteremko, mkorosho mmoja, barabara iko mbali. Akauliza kama maji yako karibu.

Nikamwambia yako karibu.